Omoiri: Mti wa Kujulikana Kabla ya Kukatwa

Katika nchi ya Suneka, ambako mashamba yamegawanywa yakawa madogo, mti hauna budi kuonyesha faida yake ndipo uachwe. Mkaratusi huleta fedha za nguzo baada ya miaka michache. Mti wa kale uliosimama mpakani, usiojulikana jina, hukatwa kwa kuni. Yawezekana mti huo ni omoiri, ambao Wakikuyu huuita muiri, na wataalamu Prunus africana. Kwa hiyo yafaa kila mwenye shamba aujue.

Alama zake si ngumu. Kwanza ni gome: la mti mkubwa ni jeusi, lenye kukwaruza, nalo limepasuka vipande vipande kama vigae. Pili ni jani: lina umbo la yai, linang'aa, kingo zake zina meno madogo, na kikonyo chake mara nyingi ni chekundu. Tatu ni harufu: jani likifikichwa mkononi hunuka kama lozi. Maua ni madogo, meupe, nayo hutoka kwa vichala. Matunda ni machungu, na yakiiva huwa na rangi ya zambarau. Harufu ile huandamana na sumu. Basi mtu asijitengenezee dawa kwa majani wala mbegu.

Omoiri una ndugu yake Marekani, mti uitwao Prunus serotina. Huo nao una gome jeusi lenye magamba, na majani yake yakinyauka yana sumu iwezayo kuua ng'ombe. Hata hivyo Wamarekani huuthamini sana, kwa kuwa mbao zake nyekundu hufanya meza na makabati mazuri. Mbao za omoiri ni ngumu na nzito zaidi. Zikipasuliwa huwa na rangi ya waridi, kisha hugeuka kuwa nyekundu iliyoiva. Zimetumika kwa mipini, sakafu na madaraja.

Lakini thamani yake kubwa imo katika gome, nayo ndiyo hatari yake. Tangu miaka ya 1960 viwanda vya Ulaya vimetengeneza kwa gome hilo dawa ya wanaume wazee wanaopata taabu ya kukojoa kwa kuvimba tezi. Miti mingi ya Afrika ilichunwa hata ikafa, ndipo mwaka 1995 ukawekwa chini ya mkataba wa mataifa, ili gome lisiuzwe nchi za nje pasipo kibali. Mti uliochunwa gome pande zote hufa, kwa maana chakula cha mizizi hupita humo. Katika nchi ya Kameruni wavunaji wamefundishwa kuchukua robo mbili tu zinazoelekeana, kisha kuuacha mti miaka kadhaa upone.

Mwenye kutaka kuupanda na aokote matunda yaliyoiva, aondoe nyama yake, na azipande mbegu mara moja. Zikiwekwa muda mrefu nyingi hazioti. Mti huu haukui upesi kama mkaratusi, nao waweza kufika mita 30 na zaidi. Kwa hiyo na upandwe mpakani, wala usihesabiwe kwa mapato ya mwaka huu. Nao uliokwisha kusimama, na unuswe jani lake kwanza kabla shoka halijainuliwa.