Programu ya kahawa: mnunuzi aone alicholipia

Mnunuzi wa kahawa wa Ihembe, Karagwe, anayemlipa fundi wa kompyuta amwandikie programu ya hesabu za magunia, hana budi kujua kama kazi inasonga au fedha imelala. Katika GitHub, ghala la programu lililofunguliwa mwaka 2008, kila badiliko huonekana ukurasani na tarehe yake.

Lakini ukurasa ni wa macho. Sura yake ikibadilishwa, kompyuta iliyozoea kuunakili hukwama. Kwa hiyo ghala hutoa habari zilezile kwa mpangilio wa JSON: jina la kila kipengele na thamani yake, basi. Asiyejitambulisha huruhusiwa kuulizia mara 60 kwa saa. Mwenye ufunguo, 5,000.

Ghala likiwa la faragha, ruhusa ya kuingia idaiwe kabla ya malipo ya kwanza.