Kirusi Kinachotafuta Uboho

Musoma, mji wetu wa Tanzania kando ya Ziwa Victoria, imo katika vitabu vya jenetiki vya dunia nzima, ingawa ukiuliza kwenye kata yake ya Nyakato wengi watakushangaa. Mwaka 1956 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha hesabu ya damu za watu wa wilaya hii. Kati ya watoto wachanga 287, tisa walikuwa na ugonjwa wa kurithi wa selimundu. Kati ya watu wazima 654, watano tu. Wengi wa wagonjwa hawakuwahi kukua. Waliorithi jeni ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu walikuwa 31 katika kila watoto 100, na 38 katika kila watu wazima 100, kwa kuwa malaria iliwaonea huruma zaidi kuliko wenzao.

Ugonjwa wenyewe ni kosa la herufi moja katika jeni. Himoglobini ikishatua oksijeni hugandana kuwa nyuzi, na chembe ya damu iliyokuwa duara laini hujikunja kama mundu. Ikifika kwenye mshipa mwembamba inanasa, nyingine zinarundikana nyuma yake, na mtoto anaanza kulia mifupa.

Chembe hizo huzaliwa na seli shina za uboho. Ukizipa seli shina jeni nzima, zitazaa damu nzima. Na gari la kubebea jeni hiyo ni VVU, naam, hivi hivi tunavyoviogopa: vimenyofolewa jeni zinazoviwezesha kuzaana, vikabaki na ufundi wa kuingiza mzigo ndani ya DNA. Mvulana mmoja alitibiwa hivyo Paris mwaka 2014, na Desemba 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya aina hiyo iitwayo Lyfgenia.

Kazi ngumu iko kwenye koti. Koti la asili la VVU hushika seli za kinga zenye alama ya CD4, ambazo hapa hazihitajiki. Basi wataalamu hulivua na kukivisha kirusi koti la kirusi kingine, kile kinachowatoa ng'ombe na farasi malengelenge mdomoni huko Amerika. Koti hilo ni imara, ila linashika karibu kila seli ya mwili. Wavuvi wetu wanalijua kokoro: linazoa sangara, sato na vifaranga pamoja.

Kwa sababu ni kokoro, huwezi kulitupa ziwani, yaani kukidunga kirusi mwilini moja kwa moja. Seli shina hutolewa mwilini, hupelekwa kiwandani, huchanganywa na kirusi humo. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua uboho wake, alazwe wiki kadhaa akisubiri seli zake zirudishwe na kuota. Bei ya Lyfgenia ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 3.1, nayo ilitoka na onyo la saratani ya damu.

Ndiyo maana maabara sasa zinatafuta ndoana. Kwanza hubadilisha sehemu ndogo za lile koti ili lisishike ovyo, lakini libaki na uwezo wa kupenya utando wa seli. Kisha hulibandika kipande cha kingamwili kinachoshika alama iliyo kwenye seli shina, mfano CD117. Kirusi hicho kingedungwa tu kwenye mshipa na kujitafutia uboho. Lakini ini hukimeza kingi njiani, na CD117 haiko kwenye uboho peke yake. Ipo hata kwenye seli zinazozaa mbegu za uzazi. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo la kuangaliwa kwa macho mawili, maana kosa hapo lingerithiwa na wajukuu.

Mwaka 2019 taasisi za taifa za afya za Marekani na mfuko wa Gates waliahidi dola milioni 100 kila upande kwa tiba za namna hii zinazoweza kutolewa Afrika. Tanzania huzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na hakuna hospitali ya mkoa itakayojenga kiwanda cha seli. Sindano inaweza kufika Musoma. Kiwanda hakifiki.

Kabla sindano hiyo haijafika, kuna kipimo cha damu, kinga ya malaria na dawa ya haidroksiyurea. Mzazi ukiona mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili amevimba vidole vya mikono na miguu bila kuumia, usimkande ukangoja. Mpeleke apimwe selimundu.