Waliomlea Imamu Shafi'i: Mama, Maalim na Mashekhe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Katika darsa za baina ya Magharibi na Isha vijana huuliza maswali mawili. La kwanza: mwanachuoni akishafikia daraja ya ijtihadi, akawa anatoa hukumu kutoka katika Qur'ani na Sunna, ana haja gani tena ya mashekhe? La pili ni kinyume chake: ikiwa mtu amesoma kwa sheikh fulani, vipi anathubutu kumkhalifu? Maswali yote mawili yamo ndani ya maisha ya mtu mmoja, ambaye kwa madhehebu yake wengi wetu katika mwambao huu tunaswali, tunaoana na tunarithiana. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 731 H (1331) aliwakuta watu wake ni Mashafi'i. Lakini muulize Mshafi'i wa leo ni nani waliomlea Imamu wake. Aghlabu atakutajia Imamu Malik, kisha atanyamaza.

Wa kwanza ni mama yake. Muhammad bin Idris alizaliwa Gaza mwaka 150 H (767), mwaka aliofariki Imamu Abu Hanifa. Baba yake alikufa yeye angali mdogo. Mama, ambaye katika kauli mashuhuri ni wa kabila la Azd, aliona mtoto akibaki ugenini nasaba yake itapotea, kwani ubavuni mwa baba ni Mkureishi wa ukoo wa Banu Muttalib. Basi akamchukua mtoto wa kiasi cha miaka miwili, akasafiri naye mpaka Makka. Ndugu msomaji, tusiipite safari hii haraka. Mjane asiye na mali ndiye aliyekata shauri kuwa mwanawe atakulia mahali penye elimu na penye jamaa zake. Yote yaliyofuata yamesimama juu ya shauri hilo.

Wa pili ni maalim wa chuo, ambaye riwaya haimtaji hata jina. Imamu mwenyewe amesimulia kuwa mama yake hakuwa na cha kumlipa. Maalim akaridhia malipo yawe ni mtoto huyo kukaa mahali pake na kuwasomesha wenzake kila anapoondoka. Akahifadhi Qur'ani akiwa na miaka saba, na Muwatta ya Imamu Malik akiwa na miaka kumi. Karatasi hakuwa nazo. Akiandika juu ya mifupa, na mifupa ikijaa akiihifadhi ndani ya mtungi.

Hapa pana mas-ala ya fiqhi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i inajuzu kupokea ujira kwa kufundisha Qur'ani, na miongoni mwa dalili ni Hadithi ya yule sahaba aliyeozeshwa kwa alichonacho cha Qur'ani. Mahanafi wa mwanzo walikataa. Kwa hiyo maalim anayetoza ada hana kosa, na wala mimi sisemi walimu wetu wakae na njaa. Lakini kujuzu ni kitu kimoja, na kumtoa yatima mkekani kwa sababu ya ada ya mwezi ni kitu kingine. Lau maalim yule wa Makka angefanya hivyo, hatujui tungekuwa tunasoma madhehebu ya nani.

Kisha wakaja Mabedui wa Hudhayl. Hawakuwa mashekhe, bali walikuwa wafasaha wa Waarabu, na kijana akakaa nao jangwani akichukua lugha yao na mashairi yao. Inapokewa kuwa hata Al-Asma'i, bingwa wa lugha, alisahihisha mashairi ya Hudhayl kwake. Wanaotaka kufutu kwa tafsiri bila ya nahau na walizingatie hili.

Aliyemgeuza kutoka kwenye mashairi na lugha mpaka fiqhi ni Muslim bin Khalid Az-Zanji, mufti wa Makka. Baadhi yetu hufurahia lakabu hii wakadhani sheikh huyo ni mtu wa pwani yetu. Sivyo. Wanahistoria wanasema alikuwa mweupe mwenye wekundu, akaitwa Zanji kwa kinyume, na wengine wametaja sababu nyingine. Huyu ndiye aliyempa idhini ya kufutu akiwa na kiasi cha miaka kumi na mitano. Hapo hapo Makka alichukua Hadithi kwa Sufyan bin Uyayna.

Alipoazimia kwenda Madina alichukua barua ya liwali wa Makka kwa liwali wa Madina, ili afikishwe kwa Imamu Malik. Malik hakupendezwa, aliona ajabu elimu ya Mtume (S.A.W.) kutafutwa kwa barua za watawala. Lakini kijana alipoanza kusoma Muwatta kwa moyo, Malik akavutiwa, akamtaka aendelee. Akamuusia amche Mwenyezi Mungu, asije akaizima kwa maasi nuru aliyotiwa moyoni. Malik alifariki mwaka 179 H (795).

Kisha anakuja mwalimu ambaye wengi hawamtarajii. Mwaka 184 H Shafi'i, akiwa na kazi ya serikali upande wa Yemen, alishitakiwa kuwa anaunga mkono uasi wa Maalawi. Akapelekwa mbele ya Khalifa Harun Ar-Rashid, na hatari ilikuwa ya shingo yake. Miongoni mwa waliomsemea kwa kheri ni Muhammad bin Al-Hasan Ash-Shaybani, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, ambaye naye alikuwa amesoma Muwatta kwa Malik. Shafi'i akaokoka, akakaa kwake, akanakili vitabu vyake. Baadaye akisema kuwa amebeba kutoka kwake elimu ya kiasi cha mzigo wa ngamia.

Nawaomba maimamu wenzangu tuwe na tahadhari hapa. Kuna kisa cha safari ya Imamu Shafi'i kilichopokewa na Abdallah bin Muhammad Al-Balawi, na mara nyingi nimekisikia mimbarini. Ndani yake Abu Yusuf na Muhammad bin Al-Hasan wanamchochea Khalifa amuue Shafi'i. Ibn Hajar amekibainisha kuwa ni cha uongo. Abu Yusuf alifariki mwaka 182 H, miaka miwili kabla Shafi'i hajaletwa. Angemchongea vipi naye yumo kaburini? Kwa kisa hiki tunamsingizia mwalimu wa Imamu wetu, tukidhani tunamtukuza Imamu.

Sasa tuje kwenye kukhalifiana. Katika Al-Umm mna kitabu kizima cha tofauti zake na Malik, na kingine cha kumjibu Muhammad bin Al-Hasan. Lakini inasimuliwa kuwa kabla ya kuandika juu ya Malik alikaa mwaka mzima akiswali istikhara, na kilichomsukuma ni kusikia watu wamevuka mpaka katika kumtukuza. Anavunja hoja ya sheikh wake kwa Hadithi, na heshima yake anaibakisha.

Mimi nilipotoka masomoni, kijana, Kiarabu kikichemka kifuani, nilimsahihisha maalim wangu wa chuo mbele ya watu, alipotia fat-ha mahali pa dhumma. Katika irabu nilikuwa na haki. Mzee akaniangalia, akasema, "Ahsanta, mwanangu," kisha akaniachia kitabu nisome mimi. Jumaa iliyofuata akaniachia tena. Hakurudi kusoma mbele ya watu mpaka alipofariki, na mimi sikuwahi kumtaka radhi, kwani kila nilipokwenda kwake akinikaribisha kwa furaha nikaona haya kulianza jambo lile. Imamu Nawawi ametanguliza katika Al-Majmu' milango ya adabu za mwalimu na mwanafunzi kabla ya kugusa tohara. Nilikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeifanyia hata mtihani.

Imamu Shafi'i naye alikuwa sheikh wa watu. Ahmad bin Hanbal, aliyesoma kwake, amepokewa kuwa akimuombea dua miaka mingi. Huko Misri alikuwa na Al-Buwaiti na Al-Muzani, wote wepesi wa kufahamu. Ar-Rabi' bin Sulayman Al-Muradi, mwadhini katika msikiti wa Amr bin Al-As, alikuwa mzito. Inapokewa kuwa Imamu alimrudia mas-ala moja mara arobaini asiielewe, mpaka akaondoka kwa haya. Imamu akamwita faraghani, akamrudia mpaka akafahamu. Imamu alifariki mwezi wa Rajabu mwaka 204 H (820). Al-Buwaiti alifia gerezani Baghdad mwaka 231 H katika mtihani wa kuumbwa kwa Qur'ani. Ar-Rabi' aliishi mpaka mwaka 270 H, na watu wakimfungia safari kutoka miji ya mbali ili wapokee kwake vitabu vya Shafi'i. Al-Umm iliyopo mikononi mwetu leo imetufikia kwa riwaya yake.

Wallahu aalam.