TUMBO LA MTOTO MWENYE USONJI

Huenda unamfahamu mtoto wa namna hii. Ukimwita haitiki, lakini si kiziwi. Hapendi kukutazama usoni. Amechelewa kusema, au hurudia maneno anayoyasikia. Hucheza peke yake, akizungusha kifuniko cha chupa kutwa nzima. Ukibadilisha mambo aliyoyazoea, hulia sana. Hali hiyo huitwa usonji.

Usonji si uchawi wala laana. Hautokani na malezi mabaya ya mama. Ni hali ya ubongo inayoanza mtoto akiwa bado mdogo sana. Urithi una sehemu kubwa katika hali hiyo.

Lakini wazazi wengi wa watoto hao wameona jambo jingine. Mtoto husumbuliwa na tumbo. Hufunga choo kwa siku nyingi, au huharisha mara kwa mara. Kwa hiyo watu huuliza: Je, usonji hutoka tumboni?

Wadudu wanaoishi tumboni

Kila mtu ana wadudu wadogo sana tumboni. Wadudu hao huitwa bakteria. Hawaonekani kwa macho. Wengi wao hukaa katika utumbo mpana. Usiogope, kwani wengi hawaleti ugonjwa. Wanatusaidia.

Ukila maharage, mchicha au ugali wa dona, yako makapi ambayo tumbo lenyewe haliwezi kuyasaga. Bakteria huyala makapi hayo. Kisha hutoa vitu vinavyoingia katika damu na kuupa mwili nguvu. Damu hufika kila mahali, hata kwenye ubongo. Tena uko mshipa mkubwa wa fahamu unaounganisha tumbo na ubongo. Kwa sababu hiyo wataalamu waliona swali hili linafaa kuchunguzwa.

Wataalamu waliona nini?

Mwaka 2000 madaktari wa mji wa Chicago, nchini Marekani, walitoa taarifa yao. Waliwapa watoto 11 wenye usonji dawa ya kuua bakteria wa tumboni. Wengi wao walionyesha nafuu. Lakini baada ya dawa kwisha, sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilipotea. Tena watoto 11 ni wachache mno. Wala hapakuwa na kundi jingine lisilopewa dawa, ili kulinganisha. Wewe mkulima unajua: huwezi kuisifu mbegu mpya kama hukupanda ya zamani kando yake.

Mwaka 2021 wataalamu wa Australia walitoa taarifa kubwa zaidi. Walipima vinyesi vya watoto 247. Kati yao, watoto 99 walikuwa na usonji. Waliona kuwa usonji wenyewe haukuhusiana sana na aina za bakteria. Chakula ndicho kilichohusiana nazo zaidi. Watoto wengi wenye usonji huchagua sana chakula. Mmoja hutaka wali mtupu. Mwingine hukataa kitu chochote kinachoteleza, kama bamia. Chakula kikiwa cha aina chache, aina za bakteria nazo hupungua.

Basi, tulidhani tumbo ndilo linaloleta usonji. Huenda ni kinyume chake: usonji hubadilisha ulaji, na ulaji hubadilisha tumbo. Uchunguzi bado unaendelea. Mpaka sasa hakuna dawa ya tumbo iliyothibitishwa kuponya usonji.

Jihadhari na uvumi. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, alitoa habari iliyohusisha chanjo ya surua, ugonjwa wa tumbo na usonji. Wazazi wengi waliogopa kuwachanja watoto wao. Mwaka 2010 jarida lililochapa habari hiyo liliifuta. Chanjo haileti usonji. Surua huua.

Mzazi afanye nini?

Mtoto asiyeweza kusema hawezi kukuambia, "Mama, tumbo linaniuma." Huenda akapiga kelele, akajiuma mkono, au akakosa usingizi. Usimchape. Huenda ana maumivu. Angalia tumbo lake na choo chake, kisha fanya hivi:

1. Mpe maji safi ya kunywa mara kwa mara.

2. Mzoeshe papai, machungwa, mboga za majani na maharage. Anza na kidogo sana. Akikataa, usimlazimishe. Jaribu tena siku nyingine.

3. Usimnyime vyakula kwa kusikia maneno ya watu. Mtoto anayechagua chakula akinyimwa na maziwa, atadhoofika.

4. Usimpe dawa za kuua bakteria bila kuandikiwa na daktari. Usimpe dawa kali za kuharisha, wala usimwingizie dawa kwa njia ya haja kubwa, eti kumsafisha usonji.

5. Mpeleke zahanati upesi akitoa damu katika choo, akitapika, tumbo likivimba, au akikonda. Mweleze mganga kwamba mtoto ana usonji na hawezi kusema anapoumia.

Tumbo likitulia, usonji hautaondoka. Lakini mtoto atalala, atakula, na ataweza kujifunza vizuri zaidi. Hilo si jambo dogo.

Maswali ya kujadili kisomoni

1. Bakteria wa tumboni hutusaidia namna gani?
2. Kwa nini watoto 11 wa Chicago hawatoshi kuthibitisha jambo?
3. Mtoto asiyesema huonyeshaje kwamba anaumwa?