Sura ya 4: Mtungi wa Njano Juani

Jua la Isiolo haliyeyushi mtungi. Naanza hapo kwa sababu kila mtungi ukipasuka, lawama ni zile zile: joto limezidi, au plastiki ya siku hizi ni feki. Mtungi wa njano wa lita 20, ule uliofika mjini na mafuta ya kupikia, ni wa polietilini nzito, na hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Hakuna adhuhuri inayofika huko. Hata maji yanayochemka hayafiki. Isiolo, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Yataulegeza mtungi na kuukunja, lakini hayatauyeyusha.

Kinachouua ni mwanga. Termoplastiki kama polietilini ni molekuli ndefu mithili ya tambi kwenye sufuria: zimelaliana tu, hazikufungwa pamoja. Zikipata joto huteleza, zikipoa hutulia, na unaweza kurudia tena na tena. Miale ya urujuanimno haiziteleshi, inazikata, na zilizokatika haziungiki kwa kupozwa. Ndiyo maana mtungi uliokaa juani miaka mingi hupauka, huacha unga kidoleni, kisha hupasuka siku unapoubonyeza kidogo. Wanaodai kuwa tangi jeusi limetengenezwa kwa takataka wajue kwamba weusi ule ni masizi laini, yaliyotiwa kwa makusudi ili yameze miale hiyo.

Nilikusudia sura hii ipitie plastiki sita kwa zamu, kuanzia PET ya chupa za maji hadi PVC ya mabomba. Lakini mtungi una mengi, na hauniachi.

Mtazame fundi anayeuziba. Anapasha kisu kwenye makaa, anakata kiraka kutoka mtungi mkuukuu, anayeyusha kingo zote mbili kwa pamoja, anazikandamiza mpaka zipoe. Gundi anaiacha kando, kwa kuwa polietilini haiipi pa kushika. Kiraka nacho lazima kiwe cha plastiki ile ile. Kipande cha kiti cha plastiki, ambacho kwa kawaida ni polipropilini, kitaonekana kimeshika, kisha kitabanduka. Jaribio la maji halitakusaidia hapa, maana zote mbili huelea. PET na PVC ndizo huzama. Na usijaribu kisu hicho kwenye akala: mpira wa tairi umefungwa kwa salfa, utaungua bila kuyeyuka.

Kilicho salama zaidi ni kusoma nambari iliyo ndani ya pembetatu: 2 ni polietilini nzito, 5 ni polipropilini. Nambari hizo zilibuniwa na watengenezaji wa plastiki Marekani mwaka 1988 ili kutenganisha taka. Haziagizi chombo kitumike mara mbili au mara tano, ingawa bado ninaambiwa hivyo na watu waliosoma. Hao hao husambaza onyo kwamba chupa ya maji iliyoachwa garini hutoa daioksini. Daioksini hizo zinahitaji klorini, na PET haina klorini. PVC ndiyo inayo. Hiyo usiwashie jiko.

Sasa maziwa ya ngamia. Akina mama wa Isiolo huyapeleka Eastleigh, Nairobi, kwa basi, na mengi yamesafiri ndani ya mitungi hii. Yakichacha mapema, usitafute jicho la hasidi. Mulika ndani ya mtungi: mikwaruzo imeficha mafuta na bakteria, na mdomo ni mwembamba, mkono haupiti kusugua. Gorfa, chombo cha maziwa cha Waborana, hufukizwa kwa moshi wa vijinga. Kijinga chenye moto kikigusa plastiki kinaitoboa. Kopo la alumini lenye mdomo mpana huingia mkono na brashi, na maji yanayochemka hayalikunji. Lakini ni ghali, kwa hivyo mtungi unaendelea kupanda basi.

Anayelazimika kuutumia atenge wa maziwa pekee, auhifadhi kivulini, na asiutie mafuta taa hata siku moja. Polietilini hukataa maji, lakini yenyewe ni kaboni na haidrojeni tupu, sawa na mafuta taa. Yakishapenya kati ya molekuli zake, harufu yake haitolewi na sabuni.