Ziwa moja, hesabu moja: jinsi ya kupanga ufadhili wa utafiti na ruzuku ndogo kwa Ziwa Kivu



Anayetaka kusaidia uhifadhi wa ziwa kwa kawaida huanza na fedha: ni dola ngapi, kwa miaka mingapi, kwa watu gani. Katika makala haya tunaanza na jambo lingine. Tunauliza: ni nani anayetunga swali la utafiti, na jibu likipatikana linamrudia nani? Kwa sisi tunaofanya kazi ya amani katika eneo la Maziwa Makuu, hilo ndilo swali la msingi. Programu ya utafiti inaweza kuwakutanisha watu wanaogombania maji yaleyale. Inaweza pia kuwaongezea sababu ya kushukiana. Tofauti iko katika namna ilivyopangwa.

Ziwa ni jambo la amani

Mji wa Goma umejengwa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, chini ya volkano Nyiragongo. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,700 na kina chake kinafika karibu mita 485. Lakini samaki hawaishi katika kina hicho chote. Maji yenye oksijeni ni tabaka la juu tu, ambalo hata wakati mzuri halizidi sana mita 60. Chini yake maji yamebeba gesi nyingi: kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Basi uvuvi wote wa Kivu unategemea tabaka hilo jembamba la juu.

Samaki anayelisha watu wengi zaidi ni sambaza. Si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na asubuhi akina mama humpeleka sokoni. Mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, ambaye wataalamu humwita Lamprichthys, alionekana katika Kivu, na swali likazuka kama atamnyang'anya sambaza chakula.

Ziwa hili ni la nchi mbili. Rwanda imekuwa ikifunga uvuvi wa sambaza kwa takriban miezi 2 kwa mwaka ili samaki wazaliane. Kama upande mmoja umefunga na mwingine unavua, aliyefunga huona kwamba anamfugia jirani samaki. Na aliyekatazwa bila kuelezwa sababu huona kwamba ananyimwa riziki. Mpaka wenyewe majini hauna ukuta wala kamba, na mvuvi anayefuata samaki usiku anaweza kujikuta mikononi mwa askari wa upande wa pili.

Mfano wa hatari hiyo hauko mbali. Kwenye Ziwa Edward, ambalo Kongo inagawana na Uganda, wanajeshi wa majini wa nchi hizo mbili walipigana mwezi wa 7 mwaka 2018, na watu wakafa. Mwaka huohuo nchi hizo zilitia saini mkataba kuhusu uvuvi wa maziwa Edward na Albert. Kwa upande wa Kivu kuna mkataba wa mwaka 2014 wa Burundi, Kongo na Rwanda kuhusu bonde la Ziwa Kivu na Mto Ruzizi, ambao mamlaka yake huitwa ABAKIR. Mikataba hiyo ni mizuri. Lakini mkataba hauwezi kumshawishi mvuvi asiyeamini hesabu ya samaki iliyo nyuma yake. Kuamini huko kunaanza watu wanapohesabu pamoja.

Viunganishi na vitenganishi

Mwaka 1999 Mary Anderson alichapisha kitabu kilichoeneza kanuni ya «usidhuru» miongoni mwa mashirika ya misaada. Kanuni hiyo inasema kwamba kila msaada unaoingia mahali penye mgogoro unagusa mambo yanayowatenganisha watu na mambo yanayowaunganisha. Hakuna msaada usiogusa chochote.

Tuitumie kanuni hii ziwani. Vitenganishi ni mpaka, leseni, kodi za watu wenye silaha, vita ya nyavu zenye matundu madogo, na fununu kwamba kabila fulani au upande fulani unapendelewa. Viunganishi ni soko la samaki, lugha ya Kiswahili inayoeleweka pande zote mbili, hofu ya pamoja ya volkano na gesi, na ujuzi wa ziwa wenyewe. Programu nzuri huweka fedha zake kwenye orodha ya pili.

Neno moja linaonyesha nguvu ya ujuzi huo. Wenyeji wa Goma huita «mazuku» ile hewa nzito ya kaboni dioksidi inayojikusanya mabondeni na kuua watu na wanyama kimyakimya. Leo wanasayansi wa volkano duniani wanaliandika neno hilohilo katika kazi zao. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuutambua mtego huo na kuupa jina kabla vipimo havijafika.

Hatua ya kwanza: swali litoke ufukweni

Kabla ya kutangaza nafasi za utafiti, tunashauri programu ifanye vikao katika fukwe na masoko: Kituku mjini Goma, Minova, kisiwa cha Idjwi, na ng'ambo kwa majirani pale hali inaporuhusu. Wavuvi wakae peke yao kwanza, na akina mama wauzaji peke yao, kisha wote pamoja. Kila kikao kitoe maswali matatu tu. Orodha ya maswali hayo ndiyo itangazwe, na mwombaji achague mojawapo.

Maswali yatakayotoka huenda yasiwe yale ambayo mfadhili aliyatarajia. Mwezi wa 10 mwaka 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, na makumi ya watu wakafa. Vita vilikuwa vimekata barabara, na watu wengi hawakuwa na njia nyingine ila ziwa. Kikao cha Kituku kikiuliza kuhusu usalama wa vyombo kabla ya kuuliza kuhusu samaki, programu isiseme kwamba hilo si uhifadhi. Watu wanaozikwa na ziwa hawatasikiliza somo la kulitunza.

Hatua ya pili: mtafiti asiwe peke yake

Tunapendekeza nafasi ya utafiti ipewe watu wawili wawili: mhitimu wa chuo, kwa mfano Chuo Kikuu cha Goma au Chuo cha Ualimu cha Bukavu, na mtu wa ziwani, yaani mvuvi au muuza samaki anayeheshimiwa. Wote wawili walipwe, na majina ya wote wawili yawe juu ya ripoti. Maombi yapokelewe kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na mwombaji asiyejua kuandika aruhusiwe kueleza kwa mdomo mbele ya kamati.

Suala la majina si dogo. Kati ya 2019 na 2020 watafiti wa Kongo na wenzao wa Ulaya walitoa mfululizo wa makala uitwao «Bukavu Series». Humo wasaidizi wa utafiti walieleza jinsi wanavyobeba hatari ya kazi ya nje huku jina likibaki la mgeni. Programu inayoitwa ya amani haiwezi kuendeleza desturi hiyo.

Muda nao uangaliwe. Wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa 6 na wa 9, upepo na baridi huchanganya maji ya juu ya Kivu na kupandisha virutubisho. Uhai mdogo wa majini huongezeka, na sambaza hupata chakula. Anayepima kwa miezi 3 ya kiangazi na anayepima kwa miezi 3 ya mvua watatoa majibu mawili yanayopingana, na kila upande utachukua lile linaloupendeza. Kwa sababu hiyo nafasi isiwe chini ya miezi 12.

Hatua ya tatu: ruzuku ifuate utafiti

Programu nyingi hutenganisha mambo haya mawili: wasomi hupewa utafiti, vikundi hupewa ruzuku, na hawakutani. Tunashauri yaunganishwe. Mwaka wa kwanza uwe wa kuuliza na kupima. Mwaka wa pili vikundi viombe ruzuku ndogo kwa ajili ya kutenda kile kilichogunduliwa: kubadilisha nyavu, kulinda mazalio ya ufukweni, kujenga vichanja vya kukaushia sambaza ili wasioze, au kununua makoti ya kuokolea maisha.

Kwa mfano, tuseme programu ina dola 60,000 kwa miaka 2. Inaweza kugawanywa hivi:

– watafiti 4, yaani jozi 2, dola 5,000 kila mmoja: dola 20,000;
– ruzuku 8 za dola 2,500 kila moja: dola 20,000;
– vikao vya ufukweni, tafsiri na kurudisha matokeo: dola 6,000;
– vifaa vya kupimia na usalama wa watafiti: dola 6,000;
– usimamizi na ukaguzi wa hesabu: dola 8,000.

Jambo la kutazama hapa ni dola 6,000 za vikao. Bajeti inapopunguzwa, hizo ndizo hukatwa kwanza. Zikikatwa, kinachobaki ni ripoti tu.

Ni nani aamue? Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, unaofanya kazi tangu 1992, hutumia kamati ya kila nchi ambayo wajumbe wake wengi si watu wa serikali. Huko pwani, chama cha wanasayansi wa bahari cha WIOMSA, chenye makao Zanzibar, kimekuwa kikitoa ruzuku za utafiti kwa mashindano ya wazi kwa watafiti wa nchi za magharibi ya Bahari ya Hindi. Kwa Kivu tunashauri tuchukue mafunzo yote mawili: kamati yenye wavuvi, wauza samaki na wasomi wa pande zote za ziwa, pamoja na tangazo la wazi. Mjumbe mwenye ndugu au kikundi chake miongoni mwa waombaji atoke nje ya kikao. Majina ya waliopata, kiasi cha fedha na sababu yabandikwe ufukweni. Palipo na fununu, karatasi ubaoni huzima mengi.

Fedha na usalama wakati wa vita

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 walitwaa Goma. Mabenki yalifungwa, na uwanja wa ndege pia. Programu yoyote ya eneo hili lazima ijiulize mapema: benki ikifungwa kesho, mtafiti atalipwaje? Tunashauri fedha zitolewe kwa mafungu madogo ya miezi 2 au 3, kuwe na njia ya pili iliyokubaliwa kwa maandishi, kama vile kutuma kwa simu, na mkataba useme wazi kwamba kazi ikisimama kwa sababu ya vita mtafiti hapotezi nafasi yake.

La pili ni habari zenyewe. Daftari la utafiti linaweza kuua. Mahali mvuvi anapovua usiku, ni nani humtoza kodi na kiasi gani: hayo ni mambo ambayo wenye silaha wangependa kuyajua. Kanuni iwe kwamba jina la mvuvi haliandikwi, ramani haionyeshi mtumbwi mmoja mmoja, na jambo lisilohitajika kwa swali lililochaguliwa haliulizwi kabisa. Mtafiti awe na haki ya kusema «siendi» bila kupunguziwa malipo.

Kurudisha matokeo

Jibu lirudi ufukweni kabla ya kwenda kwenye jarida au kwa mfadhili. Lirudi kwa Kiswahili, kwa mdomo, kwa redio na kwa michoro, na wavuvi wapewe nafasi ya kulipinga. Hasa hapa ndipo kazi ya amani inafanyika. Watu wa Kongo na wa Rwanda wakipima samaki kwa chombo kimoja, kwa mwaka mmoja, na kufikia hesabu moja, hapo mazungumzo ya kufunga ziwa kwa pamoja yanaweza kuanza.

Kuna sababu nyingine. Mwaka 2022 serikali ya Kongo ilifungua zabuni ya vitalu 3 vya gesi katika Ziwa Kivu, na upande wa Rwanda kiwanda cha umeme wa methani cha KivuWatt kilikuwa kimekwisha kuanza kazi. Maamuzi makubwa juu ya ziwa yanaendelea kufanywa. Jumuiya yenye vipimo vyake yenyewe inaweza kukaa mezani na kuuliza.

Kwa vyama vya wavuvi, vya akina mama na vya vijana watakaoletewa programu ya namna hii, tunawaachia maswali manne ya kuuliza kabla ya kutia saini. Swali la utafiti limetoka kwa nani? Fedha zitapita wapi kama benki imefungwa? Majina ya nani yatakuwa kwenye ripoti, na ya nani yatafichwa? Na matokeo yatasomwa wapi kwanza? Yasipojibiwa yote manne, ombeni muda zaidi. Ni haki yenu, nanyi ndio mtakaobaki na ziwa programu ikiisha.