Kuunganisha Vyombo vya Umeme katika Roketi ya Mfano

Bila shaka umewahi kurusha kishada siku ya upepo. Kilipopaa juu sana, pengine ulijiuliza: Kimefika mita ngapi? Je, huko juu kuna baridi kuliko hapa chini? Watu wanaorusha roketi za mfano hujiuliza maswali hayo hayo. Wao hupata majibu kwa kuweka vyombo vya umeme ndani ya roketi. Katika somo hili utajifunza jinsi vyombo hivyo vinavyounganishwa, na kwa nini kosa dogo linaweza kuharibu safari nzima.

Roketi ya mfano

Roketi ya mfano ni ndogo na nyepesi. Mwili wake ni bomba la karatasi ngumu. Mbele ina pua iliyochongoka, na nyuma ina mapezi yanayoizuia isiyumbe. Injini yake huwashwa kwa umeme na mtu aliyesimama mbali. Gesi ya moto hutoka nyuma kwa nguvu, na roketi husukumwa kwenda juu. Baada ya kufika kileleni, parachuti hufunguka na roketi hushuka polepole.

Kinasa habari

Umekwisha kujifunza kwamba hewa ina uzito, na kwamba uzito huo husababisha kanieneo. Kadiri tunavyopanda, ndivyo kanieneo inavyopungua. Kanieneo ya hewa hupimwa kwa hektopaskali. Karibu na usawa wa bahari, hupungua kwa hektopaskali 1 hivi kila tupandapo mita 8.

Kinasa habari cha roketi kina barometa ndogo ya umeme, kompyuta ndogo na kumbukumbu. Mwili wa roketi hutobolewa vitundu ili kanieneo ya ndani ilingane na ya nje. Mara nyingi katika kila sekunde, kompyuta husoma barometa na kuandika namba katika kumbukumbu. Roketi ikisharudi, namba hizo husomwa.

Chukua mfano huu. Ardhini kanieneo ilikuwa hektopaskali 1010. Kileleni ilikuwa 1000. Tofauti ni 10. Basi roketi ilipanda mita 10 × 8, yaani mita 80 hivi.

Baadhi ya vinasa habari hufanya kazi nyingine kubwa. Kanieneo ikianza kuongezeka tena, hutambua kwamba roketi imeanza kushuka, kisha hutoa amri ya kufungua parachuti. Kinasa habari cha namna hii kikikosea, roketi yaweza kuanguka kwa kasi na kuvunjika.

Kuongeza chombo kingine

Tuseme tunataka kupima pia halijoto ya hewa. Tunatengeneza kipimajoto cha umeme na kukiunganisha na kinasa habari. Mara nyingi nyaya nne hutumika:

(a) Waya wa chanya huleta umeme kutoka kwenye betri.
(b) Waya wa hasi huurudisha umeme.
(c) Waya wa mapigo ni kama ngoma ya gwaride. Huonyesha wakati wa kusoma kila alama.
(d) Waya wa habari hupitisha alama zenyewe. Umeme ukiwa juu, alama ni 1. Umeme ukiwa chini, alama ni 0. Alama nyingi pamoja hufanya namba.

Kugusanisha nyaya hakutoshi. Vyombo viwili vinavyounganishwa ni lazima vipatane katika mambo matatu.

Kwanza, volti zake zipatane. Vinasa habari vingi hutumia volti 3.3. Chombo kinachotoa volti 5 kikiunganishwa moja kwa moja na kinasa habari kisichoweza kuzipokea, sehemu zake huweza kuungua.

Pili, viwe na waya wa hasi wa pamoja. Fikiri watoto wawili wanaopimana urefu, mmoja akiwa amesimama juu ya kiti. Vipimo vyao haviwezi kulinganishwa. Hali kadhalika, vyombo viwili hupima volti kuanzia waya wa hasi. Wasipokuwa nao wa pamoja, kimoja hakiwezi kujua kama kingine kimesema 1 au 0.

Tatu, vipatane juu ya namba. Chora visanduku vitatu, na katika kila kimoja andika tarakimu moja. Namba kubwa kuliko zote utakayoweza kuandika ni 999. Namba 1000 haitaenea. Kompyuta nayo ina visanduku vya namna hiyo, na namba ikizidi nafasi yake, hesabu huharibika.

Ajali ya mwaka 1996

Hata roketi kubwa zimepatwa na kosa hili. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guiana ya Kifaransa. Programu ya chombo chake cha kupimia mwendo ilikuwa imetumika vizuri katika roketi ya zamani, Ariane 4. Lakini roketi mpya ilikwenda kwa kasi zaidi. Namba moja ikazidi 32767, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote iliyoweza kuenea katika nafasi yake. Chombo kikaacha kupima, kikatuma taarifa ya hitilafu. Kompyuta kuu ikadhani taarifa hiyo ni vipimo vya safari, ikaigeuza roketi ghafula. Roketi ikavunjika na kulipuka kabla ya dakika moja kwisha. Hapakuwa na mtu ndani yake, lakini setilaiti nne zilipotea.

Nyaya hazikukatika, wala betri haikwisha. Kilichokosekana ni kupatana. Kwa hiyo mafundi hujaribu vyombo vyote pamoja ardhini kabla ya kurusha roketi. Kwa mfano, hushika kipimajoto mkononi na kuangalia kama namba zinapanda.

Jaribio

Vitu vinavyohitajika: betri moja ya tochi, balbu moja ya tochi inayolingana na betri hiyo, na nyaya mbili fupi.

1. Unganisha ncha chanya ya betri na kitako cha balbu kwa waya mmoja. Je, balbu inawaka?
2. Unganisha ncha hasi na ubavu wa chuma wa balbu kwa waya wa pili. Sasa unaona nini?
3. Legeza waya mmoja kidogo, kisha utikise. Balbu inafanya nini?

Umeona kwamba umeme huhitaji njia ya kurudi, na kwamba waya uliolegea hukata umeme. Roketi hutikisika sana inapopaa. Ndiyo maana nyaya zake huunganishwa kwa kulehemu na kufungwa imara.

Angalizo: Usijaribu kutengeneza injini ya roketi wala kuchezea baruti. Vinaweza kukuunguza au kukuua.

Maswali

1. Kwa nini mwili wa roketi hutobolewa vitundu?
2. Kanieneo ardhini ilikuwa hektopaskali 1008, na kileleni 993. Roketi ilipanda mita ngapi hivi?
3. Taja mambo matatu ambayo vyombo viwili vinapaswa kupatana.
4. Programu ya Ariane 5 ilikuwa imetumika vizuri hapo awali. Kwa nini basi ilishindwa?